Pikapu ndogo Kibagabaga: mnunuzi anapaswa kujua nini kabla ya kulipa?

Kibagabaga ni miongoni mwa maeneo ya Kigali ambayo yamejaa ujenzi na biashara ndogondogo. Eneo hilo liko katika sekta ya Kimironko, wilaya ya Gasabo, na halipo mbali na soko kubwa la Kimironko, ambako viazi, ndizi, mboga na matunda hushushwa kila alfajiri. Saruji, mabati, nondo, magodoro, majenereta na magunia ya mkaa hupanda na kushuka vilima hivyo kutwa nzima. Kwa mfanyabiashara mdogo anayelipia gari la kukodi kila anapopata mzigo, huja siku anapojiuliza swali moja: je, wakati umefika wa kununua pikapu yake mwenyewe?

Swali hilo si dogo. Kwa familia nyingi, pikapu ndicho kitu cha pili kwa gharama baada ya kiwanja au nyumba. Ikichaguliwa vizuri, inaweza kulisha watoto kwa miaka kumi. Ikichaguliwa vibaya, akiba yote huishia gereji, na deni la benki hubaki pale pale. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua mambo ya kuzingatia katika kununua, kumiliki na kutunza gari la aina hiyo mjini Kigali.

Pikapu ndogo ni ipi, na inabeba kiasi gani?

Gari linalozungumziwa hapa ni lile lenye chumba cha dereva mbele na sehemu ya wazi ya mzigo nyuma, lililojengwa juu ya chesisi ya chuma. Mifano inayofahamika zaidi ni Toyota Hilux, ambayo ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968, Nissan Navara, Mitsubishi L200, Isuzu D-Max na Ford Ranger. Ni dogo kuliko malori ya Daihatsu na Fuso yanayoonekana kwenye masoko ya Rwanda, lakini ni kubwa kuliko vigari vya Suzuki Carry ambavyo Watanzania huviita kirikuu.

Pikapu nyingi za kundi hili zimeundwa kubeba takriban tani moja. Hapo ndipo kosa la kwanza la wanunuzi wengi hutokea, kwa kudhani kwamba tani hiyo ni ya mzigo wa nyuma peke yake. Uzito unaoruhusiwa hujumuisha kila kinachoingia ndani ya gari, wakiwamo dereva na abiria.

Hesabu yake ni rahisi. Mfuko wa saruji una kilo 50, hivyo mifuko 20 ni kilo 1,000. Ikiwa pikapu ya milango minne imebeba watu watano wenye wastani wa kilo 70 kila mmoja, watu hao peke yao ni kilo 350. Zinazobaki ni kilo 650, yaani mifuko 13 tu. Anayepakia mifuko 20 na kuwaketisha watu watano amezidisha zaidi ya theluthi moja ya uwezo wa gari, na bado hajafika kwenye mteremko.

Kwa sababu hiyo, aina ya chumba cha mbele ni uamuzi wa kibiashara kabla ya kuwa suala la starehe. Pikapu ya milango miwili ina sehemu ndefu ya mzigo na huwafaa wauza vifaa vya ujenzi au mazao. Ya milango minne huwafaa wale wanaotaka gari moja lipeleke watoto shule asubuhi na kubeba bidhaa mchana, ila sehemu yake ya mzigo ni fupi, na mabati marefu hulazimika kutokeza nje kwa nyuma.

Usukani wa kushoto: kwa nini soko la Kigali ni tofauti

Msikilizaji mwenye ndugu Dar es Salaam, Mombasa au Kampala huenda amesikia jinsi magari yaliyotumika kutoka Japani yanavyopatikana kwa bei nafuu katika miji hiyo. Nchini Rwanda mambo ni tofauti. Rwanda, kama Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huendesha magari upande wa kulia wa barabara, desturi iliyoachwa na utawala wa Wabelgiji. Tanzania, Kenya na Uganda, zilizokuwa chini ya Waingereza, huendesha kushoto, na Japani pia.

Tangu mwaka 2005 Rwanda imepiga marufuku uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia. Mwaka 2014 serikali ililegeza masharti kwa malori makubwa ya mizigo, lakini pikapu haimo katika nafuu hiyo. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa Kigali hulazimika kutafuta gari lililotengenezwa kwa ajili ya masoko yanayoendesha kulia, kama vile Ulaya bara, nchi za Ghuba, Korea Kusini au Marekani.

Kuna wanaoshawishika kununua gari ambalo usukani wake umehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hilo ni jambo la hatari. Kazi ya kuhamisha usukani hugusa mfumo wa breki, nyaya za umeme na mfuko wa hewa wa usalama. Ikifanywa bila vifaa halisi, kasoro yake inaweza kujitokeza siku dereva anapokata kona kwa ghafla akiwa na mzigo. Dalili za kutazama ni dashibodi yenye viungo visivyokaa sawa, matundu yaliyozibwa kwenye ukuta wa injini upande wa kulia, na vipangusa kioo vinavyolala kuelekea upande usio wa kawaida.

Gari linatoka wapi, na linakuja na ugonjwa gani?

Kila soko huuza gari pamoja na historia yake. Pikapu zinazotoka Ubelgiji, Ujerumani na Uholanzi zimepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula chuma. Bodi inaweza kung'aa kwa rangi mpya huku chesisi ikiwa imeoza kwa chini. Tatizo hilo si dogo hata kwa watengenezaji wakubwa: mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi iliyohusu kutu ya chesisi za pikapu zake aina ya Tacoma na Tundra kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4.

Ubelgiji ina faida moja ambayo wanunuzi wachache huitumia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006, muuzaji wa gari lililotumika nchini humo hutakiwa kumpa mnunuzi hati iitwayo Car-Pass, inayoorodhesha kilomita zilizosomwa kila gari lilipoingia gereji au kwenye ukaguzi. Anayeagiza gari kupitia ndugu au wakala aliyeko Brussels au Antwerp anafaa kuiomba hati hiyo kabla ya kutuma fedha, kwa kuwa kurudisha nyuma mita ya kilomita ni udanganyifu wa kawaida katika biashara ya magari yaliyotumika.

Pikapu kutoka Dubai na Sharjah kwa kawaida hazina kutu, lakini zimeungua na jua na kuvuta vumbi la jangwani. Mipira ya milango, mabomba ya maji na plastiki za dashibodi hukauka na kupasuka. Aidha, mvua kubwa iliyonyesha Umoja wa Falme za Kiarabu tarehe 16 Aprili 2024 ilizamisha magari mengi. Gari lililozama linaweza kusafishwa likapendeza, lakini maji yaliyoingia kwenye nyaya na kompyuta za injini huleta hitilafu miezi kadhaa baadaye. Mnunuzi anashauriwa kuinua zulia la sakafuni, kunusa ndani ya gari lililofungwa madirisha, na kutazama kama kuna tope au kutu kwenye reli za viti na chini ya dashibodi.

Kodi hubadilisha bei yote

Bei inayoonekana kwenye simu si bei ya gari likiwa Kibagabaga. Juu yake huongezwa usafiri wa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, bima ya safari, gharama za bandari na safari ya nchi kavu hadi Kigali. Jumla hiyo ndiyo msingi wa hesabu ya forodha.

Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007, ushuru wa forodha kwa gari la aina hii ni asilimia 25. Baada ya hapo huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo hutozwa juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru uliokwishaongezwa. Chukua mfano wa gari lenye thamani ya faranga milioni 10 lilipofika. Ushuru wa asilimia 25 ni milioni 2.5, na jumla inakuwa milioni 12.5. Asilimia 18 ya kiasi hicho ni milioni 2.25. Kwa kodi hizo mbili peke yake, mnunuzi ameshaongeza faranga milioni 4.75, karibu nusu ya thamani ya awali, na bado kuna tozo nyingine na gharama za usajili.

Ni vyema pia kufahamu kwamba maofisa wa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda hawalazimiki kuikubali bei iliyoandikwa kwenye risiti. Wakiona kwamba imeshushwa mno, wanaweza kukadiria thamani kwa kulinganisha na magari yanayofanana. Anayeshauriwa na wakala aandikishe bei ya uongo hujiweka kwenye hatari ya kulipa zaidi, kutozwa faini na kuliacha gari likae bandarini huku gharama za maegesho zikipanda.

Kumiliki nako kuna ada zake. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2025 kuhusu fedha za matengenezo ya barabara, pikapu hutozwa faranga 100,000 kwa mwaka, wakati gari la kawaida hutozwa 50,000. Mwenye kupanga bajeti asiisahau tofauti hiyo.

Ukaguzi kabla ya mkono kutoka mfukoni

Wengi hununua gari ambalo tayari liko Kigali. Njia hii ina nafuu moja kubwa: gari linaweza kuguswa, kusikilizwa na kuendeshwa. Mnunuzi asiridhike na kulizunguka likiwa limeegeshwa. Akiwa na fundi anayemlipa yeye mwenyewe, si fundi wa muuzaji, anafaa kufuata mpangilio ufuatao.

Kwanza, injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mnunuzi kufika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga mafuta ni jambo la kawaida kwa dizeli ya zamani, lakini moshi wa buluu huashiria kwamba injini inakula oili, na moshi mweupe usioisha huashiria kasoro ya nozeli au maji yanayoingia kwenye silinda.

Pili, kifuniko cha oili kifunguliwe. Utando wenye rangi ya maziwa ni dalili kwamba maji na oili vinachanganyika. Maji ya rejeta yatazamwe pia: yakiwa na mafuta juu yake, huenda gasketi ya kichwa cha silinda imekufa.

Tatu, fundi alale chini ya gari. Chesisi igongwe kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilichooza hutoa mlio mzito. Alama za kuchomelea upya hutaka maelezo ya muuzaji. Springi za nyuma, ambazo ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zikiwa zimenyooka kabisa au zimeongezwa bapa nyingi, gari hilo limebebeshwa kupita kiasi kwa miaka.

Nne, matairi yasomwe. Kila tairi lina tarakimu nne za mwisho katika mfululizo unaoanza na herufi DOT. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likapasuka likibeba mzigo wakati wa joto.

Tano, gari liendeshwe kwenye mlima halisi. Kibagabaga haina uhaba wa milima. Likisimamishwa katikati ya mwinuko, handibreki inapaswa kulishikilia. Likianza kupanda tena, klachi isiyo na nguvu itanguruma bila gari kusogea inavyostahili, na harufu ya kuungua itasikika.

Namba ya gari nayo husema jambo, ila isichukuliwe kama cheti cha kuzaliwa. Namba za magari ya Rwanda huanza na herufi RA, na herufi ya tatu husonga mbele kadiri magari mapya yanavyosajiliwa. RAH imekuja baada ya RAC. Hata hivyo, hiyo ni tarehe ya gari kusajiliwa Rwanda, si mwaka lilipotoka kiwandani. Gari lenye miaka 15 linaweza kuwa na namba mpya kabisa.

Karatasi: kadi mbili zenye jina moja

Katika mazungumzo ya Kigali, kadi ya njano ni kadi ya usajili wa gari, inayoonyesha jina la mmiliki, namba ya gari na namba ya chesisi. Lakini kuna kadi nyingine ya njano, ile ya bima ya kikanda ya COMESA, ambayo humkinga dereva dhidi ya madai ya watu wengine anapovuka mipaka. Tanzania imo katika mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA. Anayeambiwa kwamba gari "lina kadi ya njano" aulize: ni ipi kati ya hizo mbili?

Namba ya chesisi iliyopo kwenye kadi ya usajili ilinganishwe, herufi kwa herufi, na ile iliyogongwa kwenye chuma. Jina lililo kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayepokea fedha. Mtu anayesema anauza kwa niaba ya kaka yake aliye safarini aonyeshe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na mthibitishaji wa hati. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki inaweza kuwa na haki juu yake hata kama muuzaji ndiye anayeliendesha.

Mkataba wa mauzo huthibitishwa mbele ya mthibitishaji wa hati, kisha umiliki huhamishwa katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, hasa waliohamia Kigali kutoka Kongo, Burundi au Tanzania na ambao Kinyarwanda chao cha kisheria si kizuri, ni muhimu kutotia saini maandishi wasiyoyaelewa. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, lakini mikataba mingi bado huandikwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza au Kifaransa. Kumlipa mtu wa kuaminika ausome na kuutafsiri mkataba ni gharama ndogo ukilinganisha na kupoteza gari.

Uhamisho wa umiliki ni kinga kwa pande zote mbili. Kamera za barabarani, ambazo wakazi wa Kigali wamezipachika jina la Sofia, hupiga picha namba ya gari, na faini hufuata jina lililopo kwenye kumbukumbu. Muuzaji aliyepokea fedha na kwenda zake bila kuhamisha umiliki anaweza kuendelea kupokea faini za mtu mwingine. Mnunuzi naye asipoangalia kama gari lina faini ambazo hazijalipwa, anaweza kurithi deni.

Mlima, vumbi na mvua: matunzo yanayoendana na Kigali

Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa takriban asilimia 14. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Pikapu kuukuu ya dizeli isiyo na turbo, ambayo ingebeba mzigo wake bila tabu kwenye tambarare ya pwani, itavuta pumzi kwa shida kwenye kilima cha Kibagabaga. Yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Kimo hicho hugusa pia mfumo wa kupoza injini. Maji yaliyo wazi huchemka kwa takriban nyuzi joto 95 mjini Kigali badala ya 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni kifuniko chake, ambacho hushikilia shinikizo. Kifuniko kilicholegea ni kitu cha bei ndogo, lakini kinaweza kuua injini nzima. Vivyo hivyo, maji matupu ya bomba yasitumiwe daima badala ya maji maalumu ya kupozea, kwa sababu huleta kutu ndani ya injini.

Kwenye mteremko, breki ndizo uhai. Dereva aliyebeba tani moja na kushuka kwa kukanyaga breki muda wote huzipasha moto hadi zikakosa nguvu. Inafaa kushuka kwa gia ndogo, ile ambayo angeitumia kupanda, ili injini ishikilie gari. Kuzima gia ili kuokoa mafuta ni hatari kubwa, na kwa injini za kisasa hakuokoi chochote, kwa kuwa mafuta hukatwa zenyewe dereva anapoachia pedali gari likiwa kwenye gia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo yabadilishwe takriban kila baada ya miaka miwili hata kama hayajapungua.

Majira nayo yana ratiba yake. Kuanzia Juni hadi Agosti vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huziba chujio cha hewa, na injini huanza kutumia mafuta zaidi. Chujio likaguliwe kila wiki chache katika kipindi hicho. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba huleta utelezi kwenye barabara za mawe na za udongo. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma na huteleza upesi. Mzigo ukiwapo, ule mzito uwekwe mbele, karibu na chumba cha dereva, usiachwe ukining'inia nyuma ya ekseli, kwa sababu huinua magurudumu ya mbele na kudhoofisha usukani.

Oili ya injini na chujio lake ndiyo matengenezo ya bei nafuu kuliko yote na yanayopuuzwa kuliko yote. Kwa gari linalobeba mzigo, kupanda milima na kusimama kila mara kwenye foleni, ni busara kubadilisha kila kilomita 5,000 badala ya kusubiri kikomo cha juu cha mwongozo.

Mkanda wa taimingi unastahili kutajwa peke yake. Hilux za dizeli za kati ya mwaka 2005 na 2015 zenye injini za 1KD na 2KD hutumia mkanda wa mpira, ambao hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kulingana na mwongozo wa soko husika. Ukikatika, injini huvunjika kwa ndani. Kizazi kilichofuata, chenye injini za 1GD na 2GD, hutumia mnyororo. Mnunuzi asiyepewa ushahidi kwamba mkanda ulibadilishwa achukulie kwamba haukubadilishwa, na gharama hiyo aiondoe kwenye bei anayoitaja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dizeli ya kisasa na tatizo la safari fupi

Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Ulaya kikomo ni 10. Pikapu mpya zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huwa na chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo hujisafisha kwa kujipasha moto gari linapokwenda mwendo mrefu. Gari linalozunguka kati ya Kibagabaga, Kimironko na Remera siku nzima halipati nafasi hiyo, na chujio huziba. Baadhi ya wamiliki huling'oa, lakini njia hiyo inazidi kuwa nyembamba, kwani mwaka 2025 Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda, REMA, ilianzisha upimaji wa lazima wa moshi wa magari. Suluhisho salama ni kulipeleka gari safari ndefu mara kwa mara, au kuchagua tangu mwanzo injini inayolingana na kazi.

Maji ndani ya dizeli ni adui mwingine. Nozeli za kisasa hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno, na tone la maji linaweza kuziharibu. Chini ya chujio la dizeli kuna sehemu ya kumwagia maji yaliyojikusanya. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haihitaji fundi bingwa.

Gereji, vipuri na ukaguzi wa serikali

Gatsata, kaskazini mwa Nyabugogo, inajulikana mjini Kigali kwa gereji na maduka ya vipuri. Faida ya kuwa na Hilux ni kwamba vipuri vyake hupatikana kwa wingi, na karibu kila fundi anaifahamu. Hasara yake ni kwamba vipuri bandia navyo ni vingi. Pedi za breki, boljointi na vichujio ni vitu ambavyo havifai kuchaguliwa kwa bei peke yake. Mteja adai risiti ya mashine ya kielektroniki, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake kipuri kikiharibika mapema. Vilevile ahadhari na vioo vya pembeni na taa zinazouzwa kwa bei ya ajabu mitaani, ambazo huenda zimeng'olewa kwenye gari la mwenzake.

Ukaguzi wa kiufundi hufanywa chini ya Polisi ya Taifa, ambayo kituo chake kinachofahamika zaidi kiko Remera. Breki, taa, usukani na mfumo wa magurudumu hupimwa kwa mashine. Wapo wanaouona kama usumbufu, lakini kwa mmiliki makini ni daktari wa bei nafuu: karatasi ya matokeo humweleza, bila upendeleo wa fundi, breki ya gurudumu lipi imedhoofika.

Bima ya lazima ni ile inayolipa madhara kwa watu wengine. Hailipi gari la mwenye bima likianguka, na mzigo uliomo ndani haumo. Anayebeba mizigo ya watu kwa malipo amweleze wakala wa bima matumizi hayo kwa ukweli, la sivyo dai lake linaweza kukataliwa siku ya ajali. Kupakia watu nyuma pamoja na mzigo ni kosa na ni hatari: hakuna mkanda wala paa, na kona moja ya ghafla inatosha kumrusha mtu.

Je, inalipa?

Jibu liko kwenye daftari, si kwenye hamu. Pikapu ya dizeli inayotumia lita 11 kwa kilomita 100 na kutembea kilomita 60 kwa siku hutumia lita 6.6, yaani takriban lita 172 kwa siku 26 za kazi. Kiasi hicho kizidishwe kwa bei ya mafuta inayotangazwa na mamlaka ya udhibiti, RURA. Kisha ziongezwe bima, ada ya barabara, oili, fungu la matairi, mshahara wa dereva kama yupo, na rejesho la mkopo. Mwisho kitengwe kiasi cha dharura kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika.

Jumla hiyo ilinganishwe na fedha ambazo mfanyabiashara amekuwa akilipa kukodi gari kwa miezi mitatu iliyopita. Kama anakodi mara mbili kwa wiki, huenda kukodi bado ni nafuu, na mtaji wake una kazi bora ya kufanya dukani. Kama anakodi kila siku na bado wateja wanamkimbia kwa kuchelewa, pikapu inaweza kujilipa. Baina ya hao wawili kuna njia ya tatu, ambayo ni ndugu au majirani wawili kununua gari moja kwa mkataba ulioandikwa, unaoonyesha nani analitumia siku gani, nani analipa nini likiharibika, na jina la nani limo kwenye kadi. Udugu mzuri haudhuriki kwa maandishi, bali huvunjwa na gari lililoharibika ambalo hakuna aliyejua ni jukumu la nani kulitengeneza.